Naomba ushauri: nakwama kwenye gemu la Treasure Island Dizzy la kompyuta ya zamani ya ZX Spectrum

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa wanaoyajua magemu ya zamani, hasa ya kaseti za bei nafuu zilizouzwa Uingereza miaka ya 1980.

Nacheza Treasure Island Dizzy ya mapacha Philip na Andrew Oliver, iliyotolewa na Codemasters. Naipenda sana. Dizzy, shujaa wake, ni yai lenye glavu na buti, linaruka kwa kubiringika, na kisiwa kizima kimeenea ndani ya kompyuta ya kilobaiti 48!

Tatizo ni kwamba uhai ni mmoja tu. Ukifa, unaanza upya kabisa. Dizzy hubeba vitu vitatu, na kitufe cha kuokota ndicho hichohicho cha kuweka chini. Mfuko ukijaa, ukiokota kipya kimoja cha zamani kinatoka. Sasa ukiwa chini ya maji kikatoka bomba la kupumulia, umekwisha hapohapo.

Mnapangaje vitu kabla ya kuzama ili bomba libaki salama? Mnaingia na bomba peke yake, au mna mpangilio mwingine?

Pili, sarafu 30 za kukusanya. Baadhi zimefichwa nyuma ya miti na mapambo, hazionekani. Kuna namna ya kuzitafuta bila kubonyeza kila kona? Sitaki ramani iliyokamilika, inaua utamu. Nipeni dalili tu.

Natumia emuleta (programu inayoiga kompyuta ya zamani), hivyo naweza kuhifadhi mchezo katikati, ila ningependa kumaliza kihalali, bila kuhifadhi. Aliyewahi kumaliza hivyo anielekeze, tafadhali.