Naomba ushauri: daktari wa kope za mtoto

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Binti yangu wa miaka 4 alizaliwa na macho membamba, kope za juu zimelegea, hazipandi. Akitaka kutazama kitu huinua kidevu na kurudisha kichwa nyuma, hata shingo humuuma. Daktari ameiita blefarofimosisi. Ni nadra, na kope zikifunika mboni jicho laweza kudumaa lisijifunze kuona. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Sura yake naipenda ilivyo. Naambiwa tiba ni upasuaji, kope hutundikwa kwenye msuli wa paji la uso ili zipande. Je, hospitali ya Kikuyu au Kwale yuko bingwa wa kope za watoto? Aliyempeleka wake tafadhali anieleze gharama, na kama SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, hulipa.