Midomo inakauka hata nikipaka mafuta kutwa nzima, nifanyeje?

Swali

Habari zenu wadau. Midomo yangu inanitesa. Mafuta ya midomo nayabeba kila niendako, lakini nikipaka, muda si mrefu imekauka tena, inabana, na wa chini unatoka magamba. Nikicheka unapasuka hadi damu. Ninayotumia ni yale yenye mentoli, yanaleta ubaridi mzuri, kwa hiyo naamini yanafanya kazi. Magamba nayasugua kwa sukari kabla ya kupaka rangi ya mdomo. Maji nakunywa ya kutosha. Sasa kumetokea weusi kuzunguka mdomo, na huo ndio unaonitia hofu. Nipake nini?

Jibu la 1

Pole dada. Mimi mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na harufu, ndiyo yaliyoniponya. Usiku napaka mengi.

Jibu la 2

Pole sana dada yangu. Mimi ni muuguzi kwenye kliniki ya ngozi, na huo weusi ndio ulionifanya niandike. Kwanza nikuulize: unalamba midomo? Wengi hulamba bila kujijua, hasa wakiwa wamezama kwenye kazi. Mate yakikauka huondoka na unyevu uliokuwepo, tena yana vimeng'enya vya kusaga chakula ambavyo huichoma ngozi ile nyembamba. Inawasha, unalamba tena upate nafuu, na mambo yanazidi. Alama yake ni duara linaloishia pale ulimi unapofika. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi duara hilo huwa jeusi zaidi kuliko jekundu, ndiyo maana watu hudhani ni uchafu, wakaanza kulisugua au kulipaka krimu za kung'arisha. Nakusihi usifanye hivyo.

Midomo haina tezi za jasho, na tezi za mafuta ni haba mno, kwa hiyo haijilindi kama shavu linavyojilinda. Ule ubaridi wa mentoli nao si unyevu. Mentoli inaamsha tu neva zinazohisi baridi, na kwenye mdomo uliopasuka inachokoza. Kafuri, mdalasini, mnanaa na manukato ni hivyo hivyo. Soma viambato nyuma ya kichupa. Kagua na dawa ya meno: ladha kali, au kile kitoa povu kiitwacho sodiamu lauri salfeti, huwasumbua baadhi ya watu.

Sasa cha kupaka. Viko vinavyovuta maji, kama gliserini na asidi ya hayaluroniki, na viko vinavyoyazuia yasitoke: mafuta ya mgando, nta ya nyuki, mafuta ya shea, lanolini, yaani mafuta ya sufu ya kondoo (hii wachache wana mzio nayo). Gliserini peke yake kwenye hewa kavu haitoshi, kwa sababu maji inayoyavuta kutoka ndani ya ngozi yanaishia hewani. Lowanisha midomo kwa maji safi, iguseguse kwa kitambaa laini, na ikiwa bado mbichi paka chenye gliserini kidogo, kisha mafuta ya mgando juu yake. Wakati wenyewe hasa ni unapokwenda kulala, maana huli wala hunywi, mafuta yanakaa. Mchana tafuta ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi. Mdomo wa chini ndio unaopigwa na jua kuliko wa juu.

Sukari weka kando mpaka upone. Gamba likiwa tayari litatoka lenyewe, ukilibandua unaacha kidonda. Na rangi za mdomo zile kavu zisizong'aa, zipumzishe pia.

Muuliza swali

Asante sana dada muuguzi. Nimejichunguza leo, kweli nalamba, hasa nikiwa nasoma. Pembe za mdomo nazo zimechanika, nipake hayo hayo? Na huu weusi utaondoka?

Jibu la 2

Utafifia, ila polepole, na pengine itachukua miezi. Usikate tamaa, na usiuharakishe kwa dawa ya kung'arisha.

Pembe ni jambo jingine. Mate hutuama pale, fangasi au bakteria wakapata makazi, na wakati mwingine mwili umepungukiwa madini ya chuma au vitamini B2. Mafuta ya mgando yatakinga ngozi na mate lakini hayaui fangasi, kwa hiyo nenda ukapimwe upewe krimu inayofaa. Kama unameza vidonge vya chunusi vya isotretinoini, mtajie daktari, kwani karibu kila anayevitumia midomo humkauka. Usiviache bila kumuuliza. Na ukiona kidonda au gamba limeng'ang'ania mahali pamoja kwenye mdomo wa chini, wiki 3 zikapita halijapona, hilo usilitibu nyumbani. Kalionyeshe.