Orodha ya shule 100 bora imeingia kwenye simu, mimi nachaguaje?

Fundi_Matondoni

Assalaam alaykum jamaa. Niwieni radhi kwa kuwaletea jambo la nyumbani kwangu.

Kijana wangu yuko Gredi ya 9. Anatakiwa kuchagua sekondari ya juu, shule kumi na mbili, na sisi hata tatu hatujazimaliza. Juzi niko kazini, mikono yote mafuta na pamba ya kalafati, simu ikalia. Kundi la wazazi. Mtu ametupia picha ya karatasi, "Shule 100 Bora Kenya", namba, jina la shule, wastani. Haina muhuri, haina tarehe, haina mwenyewe. Tangu saa ile kundi limepandwa na wazimu. Mke wangu kachukua kalamu nyekundu, anazungushia majina ya shule ambazo hajui hata ziko kaunti gani.

Swali langu: hii orodha inapima nini hasa? Inapima walimu walivyofundisha, au inapima watoto walioingia?

Nauliza kwa kazi yangu ya kuunda mashua. Mtu akiniletea mbambakofi mkavu ulionyooka, na mwengine akaniletea mwembe uliokatwa wiki iliyopita, vyombo viwili vitakavyotoka havitafanana hata nikivipiga nyundo kwa mkono uleule. Ukinipa namba kwa kutazama chombo kilichokwisha kupakwa rangi, umenipima mimi au umepima mbao za watu?

Na nina donda. Mpwa wangu, mtoto wa dada, alikuwa shule moja ya huko bara, jina nalihifadhi. Yuko Kidato cha Tatu, muhula wa mwisho, nikaitwa jeti ya Mokowe nikapokee mzigo uliokuja na basi. Nikadhani ni unga. Kumbe ni sanduku lake la bati, jina na namba vimeandikwa kwa rangi nyeupe, kufuli limefungwa, na mwenyewe kalikalia juu, hatazami mtu. Dada yangu ameambiwa kwa mdomo tu, bila barua, kwamba kijana akasajiliwe mtihani kwengine maana "atalivuta darasa chini". Akafanya KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, shule ya kutwa, akapata C-. Ile shule yake ya zamani mwaka ule ikapanda kwenye orodha. Picha ya bango lao niliiona kwenye simu hii hii.

Sasa nitie namba kwa karatasi hii?

Mama_Langoni

Wa alaykumu salaam kaka Fundi. Pole kwa mpwa wako, lile si jambo. Lakini ngoja nikuambie la upande wangu, msije mkaitupa karatasi yote baharini.

Miaka ya nyuma hapa Amu, yaani Lamu, nani alijua shule nzuri ni ipi? Aliyejua ni mwenye ndugu wizarani, mwenye shemeji mwalimu mkuu, mwenye gari la kwenda kutazama. Mimi nauza mahamri asubuhi na viazi karai jioni. Aliyeniambia kwamba kuna shule ya wasichana yenye maabara inayotumika ni orodha, gazetini, gazeti lenyewe nimefungiwa sukari. Binti yangu akaenda. Likizo ya kwanza alirudi akanieleza alivyoshika darubini akaona ganda la kitunguu, vijumba vidogo vidogo vimepangana kama matofali. Shule aliyotoka darubini ilikuwa moja, imefungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu isivunjike.

Kwa hiyo nyinyi wenye elimu mkisema orodha haina maana, sawa, lakini mtupe kingine mkononi. Mkituacha hivi hivi tutarudi kulekule kwa "unamjua nani".

Mwalimu_Mstaafu_Malindi

Fundi, swali lako umelijibu mwenyewe kwenye mbao. Nimefundisha Hisabati miaka thelathini na kitu, mingi kati yake huku Malindi, acha niweke hesabu chini ya lile sanduku la mpwa wako.

KCSE kila gredi ina pointi, A ni 12, E ni 1. Tuseme shule ina watahiniwa 30 na wastani wake ni 6.0, yaani C. Jumla ni pointi 180. Sasa mwalimu mkuu awatoe watano ambao wangepata D-, pointi 2 kila mmoja. Ameondoa pointi 10 tu. Zinabaki 170, gawanya kwa 25, unapata 6.8. Hiyo ni karibu C+, na C+ ndiyo gredi ya mlango wa chuo kikuu. Hakuna chaki iliyoongezwa, hakuna mtoto aliyefundishwa zaidi. Masanduku matano ya bati yamepakiwa kwenye basi, basi.

Serikali iliujua mchezo huo. Ndiyo sababu mojawapo iliyofanya mwishoni mwa 2014, Jacob Kaimenyi akiwa waziri, iache kuzitangaza shule kwa namba. Karatasi unazoziona sasa zinatengenezwa na watu wengine, na nyingine na shule zenyewe.

Halafu huo wastani wenyewe haukai mahali pamoja. Mwaka 2015 nchi nzima ilipata gredi A zaidi ya 2,600. Mwaka 2016 zikawa 141. Hazikupungua kwa sababu walimu walisahau kufundisha. Kilichobadilika ni namna mtihani ulivyolindwa na matokeo yalivyoshughulikiwa. Sasa zile shule zilizokuwa juu 2015, zilikuwa juu kwa nini? Kila mtu alikaa kimya. Tena tangu KCSE ya 2023, gredi ya jumla inahesabiwa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtoto amefanya vizuri. Zamani Kiingereza na Kiswahili viliingia vyote, na sayansi mbili juu yake. Ukiilinganisha 2022 na 2023 unapima samaki mmoja kwa kilo na mwengine kwa mtungo.

Nikupe mtoto mmoja. Aliingia Kidato cha Kwanza na alama 190 za KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kati ya 500. Desimali hajui. Jioni nilikuwa nakaa naye nyuma ya bwalo tunahesabu madafu, nusu dafu, robo dafu, mpaka siku moja akaniambia, "Mwalimu, kumbe nukta ni kisu tu." Alitoka na C-. Ile ndiyo kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kufanya darasani, na kwenye wastani wa shule alihesabika mzigo. Mwaka uleule shule nyingine zilichukua watoto wa alama 400 na zaidi, wakatoka na B, wakapigiwa makofi. Ukiniuliza mimi, yule wa 400 aliyetoka na B amerudi nyuma.

Bi Langoni, nimekusikia, na una haki ya kudai kitu mkononi. Kitu hicho kipo: namba tatu. Walioingia waliingia na nini, wakatoka na nini, na walioanza Kidato cha Kwanza walikuwa wangapi ukilinganisha na waliokalia mtihani. Mpigie mwalimu mkuu, umuulize hii ya tatu. Akianza kukohoa, umejibiwa.

Mmalindi_Minnesota

Nasoma huku baridi imeniganda vidole. Msidhani ni ugonjwa wa Kenya. Hapa Marekani kuna mwandishi wa Washington Post, Jay Mathews, alibuni kipimo chake, na jarida la Newsweek likachapisha orodha kwa kipimo hicho mwaka 1998. Hesabu yake ilikuwa rahisi kama ya mwalimu hapo juu: chukua idadi ya mitihani ya AP na IB iliyofanywa shuleni, ile ya kiwango cha chuo, gawanya kwa idadi ya wahitimu wa mwaka huo. Kufaulu si sharti. Mtoto akiketi kwenye chumba cha mtihani, amehesabiwa, hata akitoka na karatasi nyeupe.

Nia yake haikuwa mbaya, alitaka shule ziache kuwafungia watoto maskini nje ya masomo magumu. Lakini fikirieni mkuu wa shule akishajua kwamba kinachohesabiwa ni kuketi. Kwenu anawapunguza wanaoketi, kwetu anawaongeza. Namba inapanda pande zote mbili.

Kijana_wa_Mpeketoni

Mimi nilisoma mojawapo ya hizo shule za juu kabisa. Saa tisa na nusu usiku tuko darasani. Kemia niliikariri yote, nikapata A-. Leo niko chuo mwaka wa pili na kila mtu anashangaa kwa nini siwezi kusoma bila kengele. Ni hayo tu.

Fundi_Matondoni

Nimesoma yote, mengine nimesoma mara mbili. Mwalimu, hesabu ya 6.8 nimemfanyia mke wangu kwa misumari mezani, thelathini, kisha nikaondoa mitano. Kalamu nyekundu ameiweka chini. Bi Langoni, lako la ndugu wizarani limenichoma, kwa sababu mimi sina ndugu huko.

Niongeze jambo ambalo sikulisema mwanzo. Kijana anapenda kazi ya bahari. Nimeambiwa kwenye sekondari ya juu, upande wa sayansi na ufundi, kuna somo la Teknolojia ya Bahari na Uvuvi, na kuna la useremala. Kwenye ile orodha ya shule 100 sioni popote palipoandikwa nani anafundisha hayo. Na shule ya kitaifa ya bweni, karo ya serikali ni 53,554 kwa mwaka, bado sijaweka godoro wala nauli ya Mokowe mpaka Nairobi mara sita.

Mwalimu_Mstaafu_Malindi

Basi hapo ndipo penye swali lako, Fundi, wala si kwenye namba. Tena angalia: hiyo orodha ni ya KCSE, mtihani wa 8-4-4, mfumo wa elimu unaoondoka, na wa mwisho ni 2027. Kijana wako hataufanya. Kundi la kwanza la Gredi ya 12 litamaliza 2028, wa kwako nyuma yao. Unachagua chombo cha kesho kwa sifa za safari ambayo yeye hatasafiri.

Andika shule zinazotoa michanganyiko ya masomo anayotaka, kisha piga simu moja moja. Usiulize "mna somo hilo?", wote watasema ndiyo. Uliza jina la mwalimu wake na alisomea nini. Uliza karakana ilifunguliwa mara ya mwisho lini. Na kama iko karibu, nenda mwenyewe, ushike randa yao uone kama ina kutu.

Mama_Langoni

Na uangalie choo.

Fundi_Matondoni

Nimecheka, lakini nimeandika. Ijumaa baada ya swala navuka na kijana kwenda kuitazama ya kwanza. Randa, choo, na waliokalia mtihani. Nikirudi nitaweka hapa alichonijibu mwalimu mkuu, na kama alikohoa.