Tupeane uzoefu: mnalipwaje, waandishi wa habari za redio Malindi na Lamu?

Msomaji wa Alfajiri, Malindi
Assalamu alaikum. Nilianza na miezi minane bila malipo, nikila kwa dada yangu Muyeye. Kisha 15,000, na kufikia 2019 nikawa na 27,000. Korona ilipoingia 2020 tulikatwa theluthi, tukaambiwa ni ya muda. Mpaka leo haijarudi, na humo humo inatoka asilimia 2.75 ya SHA, ile bima ya afya, 1.5 ya ushuru wa nyumba, na NSSF ya uzeeni. Tutajeni kiasi wazi. Tukifichana, kijana akiitwa kazini hajui aombe ngapi.

Bint Mokowe
Mimi nalipwa kwa stori, 500 ikisomwa. Isiposomwa, hakuna. Nilienda Faza, kisiwani Pate, kwa habari ya uhaba wa maji, boti na chakula vikala 1,400. Tangu hapo napiga simu tu, na kusi ikivuma hata simu zenyewe hazishiki vizuri. Linaloniuma ni kina mama wa Pate. Kilio chao hakifiki hewani kwa sababu mimi sina nauli.

Kaka wa Barani
Dada, na mwenye nauli ni nani? Mwanasiasa. Gari lake, chakula chake, na bahasha ukishuka. Nimezipokea, nasema kweli, kodi ya nyumba ilikuwa imefika. Jioni yake nikaandika habari, na swali la barabara ambalo wanakijiji waliniomba nimuulize sikulitia.
Halafu 2023, Shakahola, msitu ule ambako wafuasi wa mhubiri walifunga mpaka kufa. Wiki kwa wiki nje ya mochari ya hospitali hapa Malindi, watu wanatafuta watoto wao, na maiti waliofukuliwa mwishowe wakapita 400. Redio ilinilipa stori kwa stori kama kawaida. Wageni wa runinga za ng'ambo walinichukua siku tatu niwaonyeshe njia na kuwatafsiria, wakanipa zaidi ya nilichopata redioni miezi miwili. Usiku nilikuwa silali. Hakuna aliyeuliza.

Msomaji wa Alfajiri
Pole sana, kaka. Hilo la kulala nalijua.

Mzee wa Mitambo, Amu
Wanangu, someni kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Kibarua akifanya kazi siku mfululizo zikatimia mwezi, ahesabiwa kama mwajiriwa wa mwezi. Mimi nilikuwa fundi wa studio, nikaitwa kibarua miaka minne. Nikaenda ofisi ya kazi na daftari la zamu zangu, nikapewa mkataba.

Bint Mokowe
Na wa stori kama mimi, baba?

Mzee wa Mitambo, Amu
Yategemea. Je, kuna anayekupangia siku na saa? Mhariri akikutuma, usifute ujumbe. Andika tarehe, mahali, nauli uliyotoa. Anza na ile safari ya Faza.