Mwanangu amesimamishwa na kocha wa kriketi kwa sababu ya maneno uwanjani: nimhamishie timu nyingine?

MzaziNjiro
Wanajamvi, habari za jioni. Naomba ushauri wenu, hasa wazazi wenye watoto wanaocheza kriketi hapa Arusha na Moshi, kwa sababu jambo hili limeninyima usingizi na hata nyumbani kwangu hatuelewani.

Mwanangu ana umri wa miaka 14 na anachezea timu ya vijana hapa Arusha. Wiki iliyopita walicheza na wenzao kutoka Moshi, mchezo wa ova 20 kila upande (ova moja ni mipira sita), naye alirusha mipira vizuri sana na kuwatoa wapigaji wawili. Timu yake ilishinda kwa tofauti ndogo. Baada ya mchezo kocha alimwita pembeni na kumwambia kwamba hatacheza tena mpaka amwombe radhi mchezaji mmoja wa Moshi mbele ya timu zote mbili, eti alimtolea maneno yasiyofaa. Mwamuzi hakumwonya mtu yeyote siku ile. Mimi naona adhabu hii imezidi kosa, kwa maana maneno uwanjani yapo miaka yote, na watu wazima wanaolipwa fedha nyingi tunawaona kwenye runinga wakirushiana.

Ipo timu nyingine hapa mjini ambayo iko tayari kumpokea. Tangu vijana wetu wa chini ya miaka 19 wafuzu Kombe la Dunia la 2026 kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi yetu, mzazi yeyote mwenye mtoto mwenye kipaji anaona kwamba njia ipo, nami sitaki wangu akae nje msimu mzima kwa ajili ya sentensi moja. Je, nimhamishe sasa au nisubiri msimu uishe?

MamaKibosho
Pole sana, baba. Mimi sijui kriketi, lakini watoto nawajua. Binti yangu alipokuwa anacheza netiboli aligombana na mwalimu wake, nami nikafanya haraka kumtafutia timu nyingine, na huko nako akagombana, mpaka mwisho akauacha mchezo kabisa. Mtoto akishajua kwamba baba atamtafutia mlango mwingine kila anapokatazwa jambo, hakuna kocha atakayemuweza. Samaki mkunje angali mbichi.

MpareWaMwanga
Naomba nitofautiane kidogo na dada yangu. Watoto wa siku hizi tumewalea kwa ulaini mno. Mimi ni Mpare na nimekulia Moshi katikati ya Wachaga, watani wetu, na hakuna neno ambalo sikuambiwa nikiwa mdogo. Siku tuliyomzika baba yangu, watani walikuja wakadai kwamba marehemu ameondoka na deni lao na kwamba hawaruhusu jeneza litoke ndani mpaka tuwalipe, na mama yangu, ambaye hakuwa ametia chakula mdomoni tangu msiba utokee, alicheka kwa mara ya kwanza. Maneno hujenga ngozi. Kama kijana wa Moshi hawezi kuvumilia maneno ya mwenzake wa Arusha, atawezaje kuvumilia maneno ya wachezaji wa nchi nyingine?

DadaSakina
Kaka MpareWaMwanga, mtani anajulikana, na wewe unayo haki ya kumrudishia siku ya msiba wake. Mtoto aliyesimama peke yake na bati mkononi, amezungukwa na wachezaji kumi na mmoja wa upande wa pili, anamrudishia nani? Hayo si mamoja hata kidogo.

MwamuziMstaafu
Ndugu MzaziNjiro, nimesimamia michezo ya vijana kwa miaka mingi, na sijapata kuona kocha akimsimamisha mchezaji wake bora kwa neno la kawaida. Ili tukushauri kwa haki, naomba utuambie mambo mawili ambayo umeyaruka. Mwanao alisema nini hasa? Na timu yenu ilishinda kwa mikimbio mingapi, yaani pointi ngapi?

MzaziNjiro
Mzee wangu, ahsante. Hakutukana. Hakutaja kabila, dini wala mzazi wa mtu. Alimwigiza tu.

Mpigaji yule ana kigugumizi. Ilikuwa ova ya mwisho, wamebakiwa na wiketi moja, yaani akitolewa mpigaji mmoja tu mchezo umekwisha, na mwanangu wakati huo alikuwa amesimama nyuma ya wiketi, vile vijiti vitatu. Mpira ukapigwa, yule kijana akataka kumwita mwenzake wakimbie, neno likakwama, na mwanangu akalimalizia kwa sauti ile ile ya kukwama. Mpigaji mwenzake aliyekuwa ncha ya pili ya njia akadhani ameitwa, akatoka, kisha akasita katikati ya njia, na wiketi zikaangushwa kabla hajafika kwenye mstari, akawa ametolewa. Ni tukio la sekunde chache. Wachezaji wetu walicheka, na labda kicheko kile ndicho kilichomuudhi kocha. Tulishinda kwa mikimbio minne.

MwamuziMstaafu
Ahsante kwa kusema. Sasa naomba unisikilize kwa utulivu, kwa sababu suala si maneno peke yake.

Katika kriketi wapigaji wawili wanategemea sauti. Anayeuona mpira vizuri ndiye anayeita, na mwenzake anaondoka kwa kuiamini sauti hiyo bila kugeuka kutazama. Kwa sababu hiyo, Sheria ya 41.5 inamkataza mchezaji yeyote wa upande unaorusha kumvuruga, kumhadaa au kumzuia mpigaji kwa makusudi, iwe kwa neno au kwa kitendo, baada ya mpira kumfikia mpigaji. Mwamuzi akiridhika kwamba imevunjwa, hakuna mpigaji anayetoka, mpira ule hauhesabiwi katika ova, na timu inayopiga inaongezewa mikimbio 5. Upo pia upande wa mwenendo, ambao uliwekewa Sheria ya 42 mwaka 2017: lugha ya kudhalilisha huanza na onyo, ikirudiwa ni mikimbio 5, na makosa mazito zaidi yanaweza kumtoa mchezaji uwanjani.

Mlishinda kwa minne. Maana yake ni kwamba Moshi walihitaji mitano ili washinde. Kama mwamuzi angesikia alichokisikia kocha wenu, mchezo ungeishia pale pale na Moshi wangekuwa washindi. Matokeo yakishathibitishwa hayabadilishwi, kwa hiyo vijana wale hawana wa kumlalamikia, na kocha wenu anajua hivyo. Hana uwezo wa kuwarudishia ushindi wao. Alichobaki nacho ni kumtaka mchezaji wake aseme neno.

MpareWaMwanga
Hilo la kuigiza wito wa mwenzako sikulijua. Nilidhani ni kejeli za kawaida. Naliondoa lile langu la ngozi.

DadaSakina
Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na nimefundisha watoto wenye kigugumizi. Wengi wao huongea vizuri kabisa wakiwa wametulia, hasa na marafiki, na mtu anaweza kukaa nao siku nzima asijue. Neno hukwama zaidi pale wanapoharakishwa au kutazamwa. Kwa hiyo nina swali moja kwako, kaka. Timu ile imetoka Moshi, na watoto hawafahamiani. Mwanao alijuaje, kwa mpira mmoja tu, kwamba mwenzake atakwama, mpaka akawa tayari na sauti yake?

MamaKibosho
Swali zuri sana. Tunasubiri.

MzaziNjiro
Nimekaa nalo swali hilo tangu jana, na kwa kuwa nimekuja kuomba ushauri, nitalijibu.

Mama wa kijana yule nilifanya naye kazi zamani, kabla sijahamia Arusha. Aliwahi kunisimulia habari za mwanawe, jinsi anavyohangaika darasani na jinsi kriketi ilivyomsaidia kupata marafiki. Usiku wa kuamkia mchezo, tukiwa mezani, nilimwambia mwanangu kwamba yule namba nne wao akibanwa hawezi kuita, hivyo wamsogelee na wampe presha. Kumwigiza sikumwambia. Nilimpa taarifa kuhusu mpinzani, jambo ambalo kocha yeyote makini hulifanya: huyu ni dhaifu kwa mipira ya kuingia ndani, huyu hukimbia polepole, huyu hawezi kuita. Sioni tofauti kati ya hayo matatu, na ndiyo maana naona si haki mtoto asimamishwe mbele ya watu kwa jambo la kimchezo. Mke wangu anasema nisimame mimi. Mimi nasema nikisimama mimi, nitakuwa nimemkubalia kocha kwamba lilikuwa kosa.

DadaSakina
Tofauti ipo, kaka. Udhaifu wa mipira ya kuingia ndani mnauona uwanjani, na yeye anaweza kuurekebisha mazoezini. Hili lingine uliambiwa na mama aliyekuamini.

ShabikiTangu2003
Niliipenda kriketi mwaka ule jirani zetu wa Kenya walipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia, na sijaiacha tena. Naomba niseme kuhusu hoja ya mleta mada kwamba wakubwa wote wanafanya hivi, kwa sababu si kweli na vijana wetu hawapaswi kuiamini.

New Zealand, Januari 2013, walitolewa wote kwa mikimbio 45 mjini Cape Town. Nahodha wao mpya, Brendon McCullum, alikaa na wenzake na kujiuliza wanataka kuwa timu ya namna gani, na moja ya mambo waliyoyaacha ni kuwatolea wapinzani maneno ya kudhalilisha. Wengi wangetegemea timu iliyofedheheka hivyo iongeze ukali. Wao walifanya kinyume chake, na mwaka 2015 wakafika fainali ya Kombe la Dunia. Tena mwaka 2005 pale Edgbaston, Uingereza walipoishinda Australia kwa mikimbio miwili tu, picha inayokumbukwa na wapenzi wote wa kriketi ni ya Andrew Flintoff akiwa amechuchumaa kumfariji Brett Lee aliyeshindwa. Hawa ni watu waliopigania ushindi mpaka mpira wa mwisho. Kijana wa miaka 14 aonyeshwe hao.

KibokoYaChai
Jamani, kabla hatujaendelea kulia, someni uzi upya. Mwanzoni mtoto alikuwa mrushaji aliyewatoa wapigaji wawili. Baadaye amesimama nyuma ya wiketi, yaani ndiye mlinda wiketi. Mchezaji mmoja hawezi kurusha mpira na kuudaka nyuma ya wiketi. Kisha mikimbio ni minne, na adhabu kwa bahati nzuri ni mitano. Kisha mama wa mtoto ni rafiki wa zamani. Hadithi inanyooka kila anapoulizwa. Hii ni chai, na mnaipuliza wenyewe.

MpareWaMwanga
Hata mimi hilo la kurusha na kudaka limenitatiza. Mleta mada, tueleze.

MzaziNjiro
Nilijua mtu atalisema. Mlinda wiketi wetu wa kila siku ndiye aliyepewa mpira katika ova ya mwisho, na mwanangu, ambaye alikuwa amemaliza ova zake nne, akavaa glovu. Sina sababu ya kutunga jambo linaloniaibisha mbele ya watu nisiowajua. Asiyeamini apite.

MwamuziMstaafu
Hilo linawezekana, na katika timu za watoto hutokea mara nyingi, kwa sababu wengi wao hufundishwa kazi zote mbili. Ova nne ndicho kiwango cha juu kwa mrushaji mmoja katika mchezo wa ova 20, hivyo hapo hajakosea.

KibokoYaChai
Mzee, kujua sheria si ushahidi kwamba tukio lilitokea. Mtu yeyote anaweza kuzisoma.

MamaKibosho
Ndugu KibokoYaChai, hata kama ni hadithi, yupo mzazi anayesoma hapa kimya kimya ambaye wikiendi hii atampeleka mtoto wake uwanjani. Huyo naye anafaidika na majibu ya dada mwalimu. Wewe unayetilia shaka, ungemshauri nini?

KibokoYaChai
Kama ni kweli, ningemwambia asimhamishe kabla kijana hajaomba radhi, kwa sababu timu ya pili nayo itacheza na Moshi. Lakini bado naona ni chai.

MzaziNjiro
Nimewasoma wote. Barua ya kuhama nimeshaiandika na ada ya timu mpya nimeshalipa, sitawaficha. Nilitaka kusikia kama kuna mtu mwenye hoja ya kunizuia. Kwa sasa nimesimama hapa: kijana akitaka mwenyewe kwenda Moshi kumwona mwenzake, nitampa nauli, lakini mbele ya timu mbili sitamsimamisha.

DadaSakina
Umemuuliza anachotaka, au umemjibia kama alivyomjibia mwenzake uwanjani? Muulize usiku huu, mama yake akiwepo, kabla barua haijatoka mkononi mwako. Na yule mama wa Moshi mpigie wewe mwenyewe, kwa sababu siri ile alikupa wewe, hakumpa mtoto.

MwamuziMstaafu
Naungana na mwalimu. Zungumza na kocha pia umweleze ulichotueleza hapa kuhusu maneno ya mezani. Akijua yalitoka wapi, huenda yeye mwenyewe akabadili namna anavyotaka radhi iombwe. Amekupa mpaka lini?

MzaziNjiro
Mpaka mazoezi ya Jumamosi.