Je, asiye raia anyamaze kuhusu siasa za nchi ya wenzake?

Ndugu wanamjadala, mwenzetu amefungua hoja kwamba mtu asiye raia hana neno la kusema kuhusu siasa za nchi ya watu, kwa kuwa hapigi kura na machungu ya uamuzi mbaya hayatamfika. Nusu ya hoja hiyo naikubali bila kusita. Ibara ya 5 ya Katiba yetu inampa haki ya kupiga kura raia wa Tanzania aliyetimiza miaka 18, na sioni sababu ya kuilegeza. Lakini kusema si kupiga kura, na hapo ndipo tunapoachana.

Naandika nikiwa Dodoma, mkoa ambao ndani yake kuna Kongwa. Kuanzia mwaka 1964, katika eneo lililoachwa na Waingereza baada ya mradi wao wa karanga kushindwa, walipiga kambi wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengineo, na wapo waliozikwa huko huko. Sisi hatukuwa na kura Msumbiji wala Afrika Kusini, na wala hatukuishia kwenye maneno: tulitoa ardhi. Desemba 1965 tukavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), nchi ambayo hata mpaka hatupakani nayo.

Najua nitajibiwa kwamba ule ulikuwa ukoloni, na mkoloni hana siasa za ndani za kuheshimiwa. Ni jibu zito. Lakini Aprili 1968 Serikali yetu iliitambua Biafra, eneo lililojitenga na Nigeria, na Nigeria haikuwa koloni la mtu. Ilikuwa nchi huru, mwanachama mwenzetu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), na serikali yake iliyokuwa Lagos ilituona tumeingilia mambo yasiyotuhusu. Kwa hiyo Mei 2025, wanasheria na wanaharakati kutoka Kenya waliokuja kufuatilia kesi ya mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu walipozuiwa na kurudishwa kwao, na wengi wetu tukashangilia kwamba majirani wakome, mimi nilibaki na swali la Biafra kichwani.

Nililitoa swali hilo kwenye kijiwe cha kahawa karibu na soko la Majengo. Mzee mmoja, kashata mkononi na kikombe kimeshapoa, alinijibu kwa methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kisha akauliza kama huyo aliyepewa jembe akiona matuta yanakwenda na mteremko, mvua ikija isombe udongo wote, anyamaze kwa sababu shamba si lake. Kijiwe kizima kilicheka, ila hakuna aliyemjibu.

Ninapoweka mpaka mimi ni kwenye fedha. Mgeni anayesema hadharani, kwa jina lake, namsikiliza, nami naweza kumbishia; anayemlipia mgombea gharama za kampeni kwa siri simwoni, na mgombea huyo akishinda atakuwa na mdai wake mahali nisipopajua. Huyo azuiwe na sheria, awe ametoka Nairobi au London.

Namwomba basi mwenzetu aliyefungua hoja anijibu moja tu: kwa kipimo chake, je, mwaka 1968 tulikosea?