Linki ya maikrowevu inayovuka mpaka: nianze na minara au na makaratasi?

Darubini23

Wakuu, naomba msaada wa waliowahi kuifanya kazi hii kwa mikono yao.

Ushirika wetu una ofisi mbili. Kati yake kuna mto, na mto huo ndio mpaka wa nchi. Kwa ramani ni kilomita 23. Asubuhi hewa ikiwa safi napanda mnara na darubini, naliona tangi la maji la ofisi ya pili. Lakini nikituma faili kwenda hapo hapo ninapopaona, pakiti zinapita mji mkuu wetu, zinapotelea zinakokujua zenyewe, zinaibukia mji mkuu wao, ndipo zinarudi mpakani. Milisekunde 140 kwenda na kurudi, na hiyo ni siku nzuri.

Kila upande tuna mnara wa mita 30. Katikati ni tambarare, mto, na miti ya kama mita 15. Mpango wangu ni redio mbili za gigahezi 5.8, zile zisizotaka leseni, na madishi ya desibeli 30. Bosi anataka kuona kitu kabla ya mwisho wa mwezi ujao.

Je, zitashika? Na kwa kuwa masafa haya ni ya bure, kuna mtu ninayepaswa kumwambia? Jamaa mmoja kaniambia niweke tu, eti mawimbi hayana pasipoti.

Nyaya_na_Nyundo

Mawimbi hayana, ila dishi linayo. Likilala forodhani wiki tatu utamkumbuka huyo jamaa.

Msubiri MzeeWaDishi. Mada ya mpaka humwamsha hata usiku.

MzeeWaDishi

Nimeshaamka.

Nianze na la kushika, maana ni fupi. Kwa kilomita 23 na gigahezi 5.8, hewa tupu inameza desibeli 135. Hilo halinitishi. Kinachonitisha ni miti yako. Katikati ya njia ardhi yenyewe imevimba karibu mita 7.8 kwa sababu dunia ni mviringo, na hapo nimeshakupa nafuu ya mawimbi kujipinda kidogo kuifuata. Juu ya huo uvimbe weka miti, mita 15. Juu ya miti sasa, mwale haupiti kama uzi. Unataka nafasi kuuzunguka, ndiyo wanayoiita ukanda wa Fresnel, na katikati ya njia yako ukanda huo unashuka mita 17 chini ya mstari. Asilimia 60 yake iwe wazi, yaani mita 10 na ushee. Jumlisha zote: 33. Minara yako ni 30.

Kwa hiyo kuliona tangi si ushahidi. Jicho linaridhika na tundu la sindano, redio hairidhiki. Na miti, kama ujuavyo, haijaacha kukua.

Unaweza kukimbilia gigahezi 18. Ukanda unasinyaa, mita 6 zinatosha, minara yako inapita kwa mita moja na kidogo. Ila kuanzia gigahezi 10 hivi kwenda juu mvua huanza kula mawimbi, na kilomita 23 ni meza ndefu ya kulia. Mimi ningeongeza mnara mmoja kwa mita 10. Mmoja ukipanda 10, katikati unapata 5.

Sasa hilo la bure. Masafa ya bure hayapo. Yapo masafa ambayo nchi fulani imeamua kutokudai leseni ya kila kituo, kwa masharti yake, ndani ya ardhi yake. Kanuni za Redio za ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, kifungu cha 18, hazizungushi maneno: mtu binafsi au kampuni hairuhusiwi kuweka kituo cha kurusha bila leseni ya serikali ya nchi ambayo kituo kiko chini yake. Dishi la huku lina serikali yake, la kule lina yake. Wewe unaona linki moja, sheria inaona vituo viwili vilivyoelekeana kwa bahati.

Chukua nguvu tu. Kuna nchi zinazoruhusu wati 4 kutoka kwenye dishi, nyingine wati 1 basi, na inategemea pia uko sehemu gani ya hayo masafa. Ukizitii zote mbili kwa madishi yako, upande mmoja utapokea kwa dBm hasi 69 na mwingine kwa hasi 75, ambayo ni dhaifu zaidi. Faili linakwenda mbio, linarudi likichechemea. Watu wakiona hivyo huingia kwenye menyu na kuchagua nchi ileile kwenye redio zote mbili ili zilingane. Zinalingana kweli, na moja inavunja sheria ya nchi iliyosimama ndani yake. Kisha kuna rada. Sehemu kubwa ya gigahezi 5 inatumika pamoja na rada, na redio hulazimishwa kusikiliza kwanza, kwa kawaida sekunde 60, kabla ya kutoa sauti. Ulaya, kati ya megahezi 5600 na 5650 zilizo za rada za hali ya hewa, ni dakika 10. Redio ikijizima saa nane mchana bila sababu, usimlaumu fundi wa umeme kabla hujaangalia hapo.

Sasa aibu yangu. Miaka kadhaa nyuma tulijenga ya kuvuka mpaka kwa gigahezi 7, ya leseni, kila kitu kwa utaratibu. Redio za namna hii hurusha kwa masafa moja na kupokea kwa mengine: mwisho mmoja hurusha ya juu, mwingine ya chini, na kifaa chenyewe hutoka kiwandani kikiwa cha juu au cha chini. Tuliomba kila upande kivyake. Leseni zikatoka, mihuri imekaa vizuri. Tukaagiza redio kwa kufuata karatasi, tukapandisha madishi, tukalenga siku mbili nzima. Kimya. Mwenzangu wa ng'ambo anaapa kwamba amelenga sawasawa, mimi naapa, tunaanza kutukanana kwa adabu.

Siku ya tatu nilikaa kwenye tofali chini ya mnara, leseni moja goti hili, nyingine goti lile. Ya huku: kurusha juu. Ya kule: kurusha juu. Kila ofisi ilikipangia kituo chake kana kwamba ng'ambo hakuna mtu. Na sisi tuliozibeba karatasi zote mbili kwenye mfuko mmoja hatukuwahi kuziweka pamoja tukazisoma. Vinywa viwili, sikio hakuna.

Utasema badilisha upande mmoja. Upi? Mnara wa kule ulikuwa na wapangaji wengine, wote wanarusha chini na wanasikiliza juu. Redio yetu ikirusha juu pale pale, ni sawa na kumpigia mtu kelele sikioni anapojaribu kusikia mnong'ono wa kilomita 30. Kwa hiyo ilikuwa lazima kule tuwe chini kama wenzetu, karatasi ibadilike, na redio ya kule irudi ilikotoka, kupitia forodha ileile iliyoingilia. Miezi minne.

Kwa hiyo bosi wako mwambie mwezi ujao ataona karatasi moja. Moja, si mbili: vituo vyote viwili, masafa ya kurusha ya kila kimoja, kimo, uelekeo, nguvu. Karatasi hiyohiyo iende ofisi zote mbili.

Karani_wa_Masafa

Nilikaa upande wa pili wa hiyo meza miaka mingi. MzeeWaDishi hakutia chumvi.

Ofisi ya masafa ina ramani ya vituo vyake. Ng'ambo ya mpaka ramani hiyo mara nyingi ni nyeupe. Afisa anakagua kama utamsumbua mwenye leseni wa hapa, anaridhika, anagonga muhuri. Kujua kwamba kule kuna mtu lazima waandikiane, na hawaandikiani kama ombi lako halisemi wazi kwamba mwisho wa pili uko nchi nyingine. Kuna waombaji wanaoficha hilo wakidhani wanarahisisha mambo. Ulaya nchi kadhaa zina makubaliano yanayoitwa HCM, yanahusu megahezi 29.7 hadi gigahezi 43.5, na kila upande unatumia programu ileile ya kukokotoa, kwa hiyo ubishi unapungua. Pasipo na makubaliano ya aina hiyo, ni barua kwa barua. Halafu kifungu cha 11 cha Kanuni hizo hizo kinataka masafa ya mawasiliano ya kimataifa yaarifiwe ITU. Hilo si kazi yako, ni ya serikali yako, ila uliza kama limefanyika. Kituo ambacho ITU haikijui, siku jirani akilalamika, utetezi wake ni dhaifu.

Angalia sana viwianishi vya minara, yaani latitudo na longitudo zake. Niliwahi kupokea fomu mbili za linki moja. Moja iliandikwa kwa digrii na dakika, nyingine kwa desimali. Dakika 30 za upande mmoja zikanakiliwa upande mwingine kuwa nukta 30. Nukta 30 ya digrii ni dakika 18, si 30. Tofauti hiyo ya dakika 12 za latitudo ni kilomita 22. Kwenye makaratasi mnara ukawa umesimama mahali ambapo hata barabara haifiki, na hesabu ya muingiliano ikatoka safi kabisa, maana huko porini hapakuwa na wa kusumbuliwa. Andika WGS84, mfumo wa viwianishi unaotumiwa na GPS, juu ya fomu zote, na vimo pia vitoke chanzo kimoja. Nchi mbili si lazima ziwe na usawa wa bahari mmoja. Pale Laufenburg, mto Rhine, Ujerumani na Uswisi walijua kwamba vipimo vyao vinatofautiana sentimita 27. Wakarekebisha daraja kwa kuelekea upande usio sahihi, ncha zikapishana sentimita 54.

Kisha kuna swali ambalo hukuuliza. Leseni ya masafa inakuruhusu kurusha. Kupitisha mawasiliano kuvuka mpaka ni ruhusa nyingine, na nchi nyingi huwapa hiyo watoa huduma wenye leseni ya kimataifa tu. Uliza hilo kabla ya kununua hata msumari. Ukikataliwa, njia ya kawaida ni kila upande kukodi nusu yake kwa mtoa huduma wa nchi yake, hao wawili wakutane mpakani, nanyi mlipe bili mbili.

Nyaya_na_Nyundo

Mimi naongeza ya mikono tu. Redio za upepo, zile za mkononi mnazoitana nazo wakati wa kulenga, ndizo hizo pia ni vituo vya kurusha. Usivuke nazo. Na usidhani zile karatasi za kupitisha vifaa kwa muda, ATA, zitakuvusha: hizo ni za kifaa kinachorudi. Kipimio chako cha mawimbi, sawa. Dishi linalobaki juu ya mnara limeingizwa nchini, lilipiwe.

Kabla ya yote chukua kioo. Cha kunyolea kinatosha. Jua likiwa pembeni, mtu wa kule apande kimo kile dishi litakapokaa, amulike kuelekea kwako, ainue na kuinamisha taratibu. Kwa kilomita 23 utaona kimeta kama nyota iliyopotea mchana. Kisha ashuke mita 5, amulike tena, ashuke nyingine 5. Kikikatika, umepima kimo cha miti bila kuupanda hata mmoja.

Ukifika kulenga na kiwango kikaja desibeli 20 chini ya hesabu, halafu kikatulia vizuri, usifurahi. Hapo umeshika mwale wa pembeni, mmoja wa ile midogo inayotoka kando ya mwale mkubwa wa dishi. Zungusha dishi mpaka upite bonde, yaani kiwango kishuke kisha kipande tena, utaukuta mkubwa.

Darubini23

Wakuu, asanteni, ingawa mmeniharibia mwezi.

Kioo tumefanya jana. Juu kabisa ya minara kimeta kipo. Mwenzangu akashuka mita 5, kikawa kinacheza, mara kipo mara hakipo. Akashuka 10, hakuna kitu. Kwa hiyo miti iko palepale Mzee alipoiweka. Bosi amekubali kuongeza mnara mita 10, na anataka uongezwe wa huku kwetu kwa sababu fundi yuko hapahapa. Barua ya kuuliza kama tunaruhusiwa kuvusha mawasiliano yetu wenyewe imeenda pande zote mbili.

Mto una upana karibu kilomita moja, uko kilomita 13 kutoka kwetu, 10 kutoka kwao. Alfajiri unatulia kama sakafu. Unaweza kuleta shida?

MzeeWaDishi

Ndiyo, na vizuri umeuliza kabla fundi hajapanda. Maji yaliyotulia huakisi. Mwale unafika mara mbili, wa moja kwa moja na ule uliogonga maji, na wa pili ukichelewa vibaya unaukata wa kwanza. Linki inakufa alfajiri, saa mbili inafufuka, na wewe unabadilisha kebo isiyo na kosa.

Mahali pa kugonga hutegemea vimo vya minara, na husogea kuelekea mnara mfupi. Ukiongeza wa kwenu uwe 40 na wa kule ubaki 30, panakuwa kilomita 13 kutoka kwako. Katikati ya mto kabisa, usingeweza kulenga vizuri zaidi ungetaka. Ukiongeza wa kule, pananyanyuka hapo na kuja kilomita 10 kutoka kwako, kwenye miti, na miti huutawanya mwale badala ya kuurudisha.

Ongezeni wa ng'ambo.

Darubini23

Wa ng'ambo uko karibu na uwanja mdogo wa ndege.

Karani_wa_Masafa

Basi barua ya tatu, mamlaka ya anga ya kule. Ipeleke leo. Na kimo uandike ni kutoka ardhini au kutoka usawa wa bahari, watakuuliza.